Posa ya Konokono

Mimi nauza vipuri vya magari ya mbio katika mji ambao magari hayaendi. Nasema hili mapema ili usije ukanicheka katikati. Turbo, egzosi za kunguruma, rimu pana, springi fupi za kuilaza gari chini, vyote vimepita mikononi mwangu. Vilitumika Japani, vikatumika tena Tanzania, vikaja kupumzika uani kwangu, mtaa wa Yoba, hapa Gitega. Kinachokosekana ni esansi tu, ndiyo petroli. Ukiniambia mtu asiye na esansi hana haja ya turbo, nitajua hujawahi kukutana na mpenzi wa magari. Hiyo ni sawa na kumwambia kijana asiye na mchumba kwamba hana haja ya kunyoa ndevu.

Ugonjwa huu niliupata ukimbizini. Nilikulia kambini, mkoa wa Kigoma, na nilipopata akili nikawa nashinda kwenye gereji moja Kasulu, nikifungua injini za watu na kuzirudishia. Siku ya kurudi Burundi wenzangu walibeba mabati, mbegu na magodoro. Mimi nilibeba gunia la vyuma. Pale Kobero, mpakani, afisa mmoja wa forodha alitoa turbo ndani ya gunia, akaizungusha, akachungulia tundu lake, akaniuliza hiki chungu kinapikiwa nini. Nikamwambia si chungu, ni konokono, maana ndivyo mafundi tunavyoiita kwa jinsi ilivyojikunja. Alinitazama usoni kuona kama namfanyia mzaha, kisha akasema konokono hawatozwi ushuru, nipite.

Nilipita, lakini gunia lilikuwa zito na mimi sikuwa na kitu. Kulikuwa na kijana wa Muyinga mwenye lori dogo, anasomba mahindi na mchele kutoka mpakani kupeleka soko la mjini. Akaniona nimekaa juu ya vyuma vyangu kama kuku juu ya mayai. Akasimamisha lori, akanipakia mimi na gunia, hakuuliza nauli. Tukafika kwao Muyinga, akanipa chakula, na aliyeleta sahani ni dada yake. Basi. Dada yake ndiye mke wangu, na yule kijana ndiye shemeji yangu, au muramu kama wanavyosema wao. Lori lile lile ndilo lililomleta bibi harusi Gitega pamoja na vyombo vyake na cherehani yake. Liweke hilo akilini, maana habari yote inazunguka juu ya lori hilo.

Hapa Yoba nilipata wagonjwa wenzangu. Kila Jumapili baada ya misa walikuwa wanajaa uani kwangu. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa fizikia wa lise, ndiyo sekondari, mtu wa tai hata siku za joto, mwenye gari la milango miwili ambalo halijatoka getini kwake tangu alinunue. Wa pili wake alikuwa mwenye duka la vyombo, Mwislamu, ambaye babu zake walitoka India. Yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa na Kirundi chake kinanishinda mimi niliyekulia nje. Waliobaki walikuwa wenye magari yaliyolala, kama langu. Mimi nilikuwa na jipu, gari la milimani, la dizeli, limepandishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, linasubiri kukamilika. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva.

Ibada yetu ilikuwa hivi. Aliyefikiwa na zamu analeta kikombe cha esansi, kikombe cha chai hicho hicho unachokijua, tunakimimina, tunawasha gari lake, linanguruma kidogo, linazimika. Wanaume wazima tumefumba macho. Kisha ubishi unaanza: ule mlio ulikuwa na kasoro, haukuwa na kasoro, silinda ya tatu inachelewa, haichelewi. Ubishi huo ulitufikisha jioni bila kutumia tone jingine.

Na turbo je? Turbo hailii kwenye kikombe cha esansi, inataka gari liende, tena lipande mlima na mzigo. Kwa hiyo mlio wa turbo tuliutoa kwa mdomo. Mteja akija kuuliza konokono wangu analiaje, nilikuwa navuta pumzi, nabana midomo, natoa mluzi mwembamba wa juu, fyuuuuu, na mwishoni naumalizia kwa chafya ndogo, psh! Watu walikuwa wanasisimka. Mwenyekiti alisema hakuna katika Burundi nzima anayelia turbo kama mimi. Na mimi, mjinga, kichwa kikavimba.

Sasa nikueleze desturi yetu ya kuuziana, maana nje ya Yoba hutaikuta. Ilianza kwa mzaha. Mwenyekiti alitaka egzosi yangu moja, na kwa kuwa ni mwalimu alionea haya kupatana bei kama mtu wa sokoni. Akasimama, akakohoa, akasema: "Waheshimiwa, nilikuwa napita njia, nikaona katika zizi la huyu mzee ndama mzuri." Hivyo ndivyo tunavyoposa kwetu, mtu hasemi msichana, anasema ndama. Na upande wa msichana lazima ujifanye haujui. Nikamjibu: "Ndama? Hapa hakuna ndama, mzee, labda umepotea kilima." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kufikia jua kuzama Mwenyekiti alikuwa ameondoka na egzosi yake, na sisi tulikuwa tumekunywa.

Tangu siku hiyo mzaha ukawa sheria. Hakuna kununua hata kifuniko cha rimu bila posa. Mwenye kipuri ni baba wa binti. Anayekitaka anakuja na msemaji wake na kreti ya vinywaji. Msemaji anaomba kwa mafumbo, sisi tunakataa kwa mafumbo, tunauliza ukoo wa gari, limewahi kugongwa, limewahi kuwa teksi. Sheria kubwa kupita zote ilikuwa ya kreti: bia ya posa haifunguliwi mpaka neno litoke. Ikifunguliwa, neno limetoka, binti ameenda, hakuna wa kumrudisha. Mwenyekiti aliitangaza sheria hiyo mwenyewe, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kirundi, na mwisho kwa Kiswahili kwa ajili yangu.

Lo, tulikataa watu! Mmoja alikuja kuposa rimu nne, tukagundua anataka kuzivalisha teksi. Mwenyekiti alimwambia, "Bwana, hawa mabinti wamesoma." Yule mtu aliondoka na kreti yake kichwani, haijafunguliwa, na sisi tulibaki na kiu na heshima.

Konokono wangu, yule wa Kobero, ndiye aliyekuwa binti mkubwa. Wachumba wake sikuwahi hata kuwasikiliza mpaka mwisho. Niliwaambia namtunzia jipu langu, litakapokamilika. Alikaa juu ya kabati, chumba cha mbele, amefunikwa kitenge cha mke wangu, na kila Jumamosi nilikuwa namteremsha, nampaka mafuta, nashika shafti yake kwa vidole viwili kuona kama inacheza. Haikucheza hata kidogo. Mke wangu anashona nguo, na mwanga mzuri wa kushonea uko chumba kile kile, lakini kabati na rimu na springi vilijaa mpaka dirishani, kwa hiyo alishonea barazani, upepo unampeperushia vitambaa. Konokono alimwita mke mwenzake. "Mke mwenzangu ameamkaje?" ananiuliza asubuhi. "Umempaka mafuta? Haya, na mimi je?"

Nilikuwa nacheka. Mwanaume akicheka mahali asipotakiwa kucheka, ajue maji yanapanda.

Basi turbo ya lori la shemeji ikafa. Ilivunjikia mlimani, lori likiwa na mahindi, likitokea Kobero. Alinipigia simu: "Muramu, gari yangu iko inatoa moshi mweusi tu. Nikiweka mzigo haipandi. Nikitoa mzigo, mi nabeba nini, hewa?" Injini ya lori lake na ya jipu langu ni ndugu wa tumbo moja, kilichoingia hapa kinaingia pale. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua. Akaja Gitega, akakaa kwenye kiti, akasema waziwazi kama watu wa kwao wanavyosema: "Mi nakuja kuomba ile turbo yako. Sema bei."

Sema bei! Mbele ya Mwenyekiti na uwanja mzima siku ya Jumapili! Watu waliguna kana kwamba mtu ametema mate kanisani. Mwenyekiti alimweleza, kwa upole wa mwalimu anayemweleza aliyefeli, kwamba hapa hatuuzi, tunaozesha. Shemeji alinitazama. Nikatazama matofali ya jipu langu.

Alirudi Jumapili nyingine, safari hii na mzee wa kwao kama msemaji, na kibuyu cha pombe ya ndizi wamekibeba tangu Muyinga. Mzee alisema vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini Mwenyekiti akauliza: "Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?" Mzee akasema anabeba mahindi. "Mahindi!" Mwenyekiti akageuka kwetu. "Voilà. Binti wa namna hii, aliyezaliwa kwa mashindano, mnataka akabebe mahindi? Na kesho mihogo? Shukrani ya punda ni mateke, mzee." Watu wakapiga makofi. Mwenye duka peke yake hakupiga. Alikuwa anakuna kidevu.

Na mimi baba wa binti nilisema nini? Nilisema konokono huyu ameahidiwa jipu. Shemeji hakukasirika. Afadhali angekasirika, nami hasira nazijua, tungemalizana. Alichukua kibuyu chake akasema: "Sawa, muramu. Kuna mtu anataka kununua lori kwa kilo, kama chuma. Mi nitaongea na yeye." Lile lori ndilo lililokuwa linamlisha yeye na watoto wake, na mama mkwe wangu ndani ya nyumba ile ile. Mke wangu alikuwa mlangoni, ana pini mdomoni, amesikia yote.

 Niliingoja kelele siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Haikuja. Ananipakulia chakula, anauliza kama chumvi imetosha. Hata mke mwenzake hakumuulizia tena. Ningekuwa na akili ningekimbia mji, lakini nilifikiri yamekwisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani, zamu ya kikombe ilikuwa imetupita bila mtu kupata esansi, na siku hizo hata bia ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Koo kavu kabisa. Mara geti likafunguliwa, wakaingia wanawake wa mtaani, wamevaa yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, wanatembea polepole kwa safu. Mbele yao mama mmoja mtu mzima, kiongozi wa kwaya ya parokia, jirani yetu. Nyuma yao wawili wamebeba kreti ya bia, baridi, jasho linachuruzika. Na juu ya kreti chupa chache za limonadi. Mke wangu alikuwa wa mwisho kwenye safu, ameinamisha macho kama upande wa bwana harusi unavyotakiwa.

Sisi tulifikiri nini? Tulifikiri kuna mume mmoja ametuma mkewe na wenzake kuposa rimu kwa sababu yeye yuko msibani. Mwenyekiti akasema, "Karibuni, karibuni, ba-mama," na macho yake hayakuwa kwa ba-mama. Kreti ikatua katikati. Mmoja wetu, simtaji, alikuwa na kifungulio kwenye funguo zake za gari, ndiyo kazi pekee funguo zile zilikuwa zinafanya. Psh! Psh! Psh! Mwenye duka, ambaye bia haigusi, akapewa limonadi yake. Mwenyekiti alikwishafika nusu ya chupa wakati kiongozi wa kwaya anasimama.

"Ba-papa," akasema, "amahoro, amani kwenu. Sisi tumetoka mbali. Tumetoka jikoni. Mnajua ni mbali, kwa sababu hakuna mmoja wenu aliwahi kufika."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa adabu. 

"Tulisikia kuna msichana ndani ya nyumba hii. Iko anakaa juu ya kabati, miaka na miaka. Anavikwa kitenge. Kila Jumamosi anapakwa mafuta, na mama mwenye nyumba anapakwa siku ya Noeli. Wachumba walikuja, baba yake akafukuza. Huyu iko na teksi, huyu iko na mahindi. Mais lakini msichana anazeeka, ba-papa. Mtamwozesha nani? Kabati?"

"Mama," nikasema, "hapa hakuna msichana, labda mmepotea kilima." Ulimi wangu ulijibu wenyewe kwa mazoea.

"Hatukupotea, papa. Mtaa ni wetu." Akaendelea. "Sisi tuko na kijana. Iko Muyinga. Si mrembo, rangi imetoka. Hana maneno mengi. Lakini iko na kazi. Tangu wa kwanza wake alifia kwenye mlima, iko analia moshi tu, hawezi kubeba kitu. Donc tunaomba huyu konokono, amsaidie kupanda."

Hapo Mwenyekiti alishtuka, akaweka chupa chini kana kwamba imemuuma. "Ah, non! Mama, tafadhali. Mwanamke haposi!"

"Na mwanaume hazai konokono," akajibu kiongozi wa kwaya. "Lakini kila Jumapili nasikia juu ya ukuta mnasema 'binti yetu, binti yetu.' Mi nikasema, hapa kila kitu kinawezekana."

Uwanja ulilipuka. Wengine wakalalamika kwamba lori si gari, wengine kwamba desturi inachezewa. Inachezewa! Sisi tuliokuwa tunaposa springi! Mwenyekiti akaanza kueleza sheria upya, kwamba neno lazima litangulie, kwamba kulikuwa na kasoro ya utaratibu. Mama yule hakubishana. Alinyoosha tu kidole kwenye chupa yake, nusu iliyobaki.

Hapo mwenye duka akasimama. Mtu yule huongea mara chache. "Chupa iko wazi," akasema. "Mi nimekunywa limonadi, na limonadi ilitoka kwa kreti yao. Kwetu dukani mtu akishafungua, amenunua. Neno limetoka." Akakaa.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika mpaka masikio yakawa yanapiga kelele. Nilimtazama mke wangu, ameinama bado, lakini mabega yake nayajua, alikuwa anajizuia kucheka. Nikataka kusema mnipe konokono wangu na mtoke wote, ba-mama na ba-papa. Akainua uso. Hakuwa anacheka tena. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya nyumbani, ya sisi wawili: "Baba watoto, kesho wanakuja na gesi kulikata lori. Lile lililonileta kwako."

Baba wa binti anatakiwa kusema maneno mawili tu: ni wenu. Niliyazungusha mdomoni kama ugali wa moto. Nikaenda ndani, nikapanda kiti, nikamteremsha. Nilipotoka naye nje, Mwenyekiti alivua kofia. Nikamweka mikononi mwa yule mama, na kitenge chake. "Ni wenu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka jirani wa Kipentekoste akatoka kuuliza nani anaolewa siku ya Bwana.

Binti haendi peke yake, lazima asindikizwe. Wapenzi wenzangu wakasema hawawezi kukubali aondoke kama kuku wa soko, wakasema tufanye msafara. Tukachanga esansi, tone huku, tone kule, likawashwa gari la Mwenyekiti, lenye nguvu za farasi ambazo yeye huzitaja hata kwenye mazishi. Likafika kona ya kwanza ya Yoba, likazimika. Tukalisukuma. Wanaume wenye tai na viatu vya misa, tunasukuma gari la mbio, ndani yake amekaa konokono mapajani mwa mke wangu, mpaka barabara kuu. Pale tukapata gari la abiria la kawaida, bovu, halina turbo wala jina, nalo likatufikisha Muyinga bila maneno.

Simu ilikuwa imetangulia, wenye gesi wakaambiwa wasije. Asubuhi shemeji alikuwa tayari chini ya lori. Mimi nikajifanya fundi mkuu: usikaze hivyo, weka mafuta kwanza kwenye tundu, safisha bomba, ebo, hivyo siyo! Alinivumilia. Mama mkwe alikaa mlangoni anachambua maharage, kila nikigombeza anasema, "Mwacheni, ni baba wa bibi harusi, wote wako hivi." Jua lilipokuwa kichwani lori likawaka. Lilinguruma, moshi ukatoka mweusi, ukawa kijivu, kisha hewa safi. Mazuti, ndiyo dizeli, shemeji alikuwa ameyaweka akiba kwenye dumu chini ya kitanda, tangu kabla ya kukata tamaa.

"Panda, muramu," akasema. "Tuende Kobero." Mke wangu akapanda pia, akakaa katikati.

Kwenda, lori lilikuwa tupu, na konokono hakusema kitu. Kobero ilikuwa kama nilivyoiacha: foleni ya malori, wabadilisha fedha wamekaa na mafurushi yao, wapagazi wanagombania magunia. Tulipakia mahindi mpaka springi zikalala. Tukageuka kurudi. Mlima wa kwanza shemeji akakanyaga mafuta, lori likazama chini kidogo, likashika. Na hapo nikamsikia.

Hakuwa analia fyuuu. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, nene, ya chini, inatoka mbali inakuja, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo, anafanya kazi yake. Lori likapanda. Magunia yote yale, na sisi watatu mbele, tukapanda bila kupunguza mwendo, tukawapita wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, wakatupungia. Miaka yote ile namteremsha, nampaka mafuta, nawalilia watu kwa mdomo, na nilikuwa sijawahi kumsikia. Hata mara moja. Macho yakanijaa, nikageukia dirisha.

"Muramu, mbona umenyamaza?" akauliza shemeji.

"Nasikiliza," nikasema. Mke wangu akaniwekea mkono gotini, hakunitania.

Jumapili iliyofuata, uani, walikuwa wamenizunguka kabla sijakaa. Analiaje? Analiaje? Mwenyekiti akanyamazisha watu. Nikavuta pumzi, nikafunga mdomo, nikaitoa ile sauti ya mlimani, ya chini, jinsi nilivyoweza. Wakasikiliza mpaka mwisho. Wakatazamana.

"Hapana," akasema Mwenyekiti. "Samahani, mzee wangu. Turbo hailii hivyo." Na wengine wote wakatikisa kichwa, kwa huruma, wakaniomba niwalilie ile ya zamani.

Mimi si mtu wa kumeza neno kali, lakini nililimeza. Niliwaacha na kikombe chao nikaingia ndani. Kabati lilikuwa limesogezwa, na mke wangu ameweka cherehani dirishani, jua limejaa kwenye kitambaa. Nikasimama pale.

"Kaka yako," nikamuuliza, "rejeta ya lori yake si inavuja?"

Akasimamisha gurudumu la cherehani. "Inavuja. Iko anaijaza maji kila kilima."

"Ya jipu ni nzima. Mwambie aje aichukue. Na asije na msemaji."

Akanitazama, kisha akatazama nje dirishani, kule nyuma kwenye matofali. "Na jipu lako, baba watoto?"

"Jipu ni la kuku," nikasema. "Walishahamia zamani."